Boriti Inagusa Wapi

Litein, Kericho
14 Januari 2024

Kwako dada yangu Chemutai,

Nakusalimu mimi kaka yako Gibson, nikiwa mzima isipokuwa masikio, na hayo ulishayazoea. Kiwanda kiliyachukua na mashine zake, sasa kimenistaafisha bila kunirudishia. Dorcus anakusalimu pia, anauliza kama baridi ya Uingereza imekupunguzia mdomo. Ng'ombe mweusi amezaa ndama jike. Mvua haijatuonea, majani ni mengi, na chai yako tunaichuna na kuipeleka kituoni kwa jina lako kama mama alivyoagiza.

Sasa jambo lenyewe. Ile kadi uliyonitumia Krismasi, yenye picha ya meli ya vita ya zamani iliyojengwa kwa mbao tupu, imeniingia kichwani na haitoki. Siku hizi sina kazi ila kurekebisha viti vya kanisa. Nataka kuijenga hiyo meli, ndogo, kipande cha katikati tu, ikae mezani. Lakini sitaki nje. Nje hata kalenda inaonyesha. Nataka ndani: walilala wapi, walikula wapi, mizinga ilikaaje pamoja na watu, daktari aliwakatia miguu wapi. Ubavu mmoja nitauacha wazi ili mtu achungulie ghorofa zote.

Ulisema meli iko kwenye mji wenu na watu huruhusiwa kuingia. Basi nenda siku yako ya kupumzika. Walinzi hawatakubali ufungue tepu, kwa hiyo nipimie kwa mwili wako. Simama chini ya boriti, uniambie inagusa wapi. Kimo chako ninacho hapa: tulipobomoa nyumba ya mama niliuhifadhi ule mwimo wa mlango, na alama zako ziko zote mpaka mwaka uliomaliza shule. Unajua mazoea yangu. Hata mlango wa kawaida siuwekei mbao ya juu mpaka mwenye nyumba aje asimame pale nimwone. Wacha watu wacheke.

Uniandikie kwa karatasi. Simu sisikii, na meseji za kwenye kioo macho yamezikataa.

Mimi kaka yako,
Gibson Kiptanui


Uingereza
11 Februari 2024

Kaka Gibson,

Nimepata barua yako nikiwa salama. Mwambie wifi Dorcus mdomo ninao wote, baridi ndiyo imeshindwa. Nimefurahi kusikia habari za ndama. Huku wazee ninaowatunza wanaendelea, isipokuwa wawili tuliowazika mwezi uliopita. Kazini kuna maneno maneno, lakini hayo tuyaache.

Nimeenda. Nilivaa viatu bapa ili nisikudanganye. Kwanza, usiseme ghorofa, wenyewe wanasema sitaha. Ile ya mizinga ni ndefu kuliko kanisa letu, lakini imebanwa juu kama chini ya kitanda. Boriti inanigusa hapa, katikati ya nyusi. Niliinama tangu naingia mpaka natoka, na shingo inaniuma hadi leo. Meza zimening'inizwa kwa kamba katikati ya mizinga, yaani mtu anakula ugali wake huku mgongo umeegemea chuma cha kuulia. Wakimaliza kula wanatundika machela za turubai hapo hapo juu. Kila mtu alipewa upana wa kutoka kiwiko changu mpaka ncha ya vidole. Wewe na tumbo lako ungelala chini.

Kwa daktari ni chini kabisa, hakuna dirisha. Kuta wamezipaka rangi nyekundu, na mwenye kututembeza akasema ni ili damu isionekane sana. Nilitoka haraka. Vidato vya ngazi ni shubiri yangu moja na vidole viwili, nilivipima nikijifanya nafunga kiatu. Mlinzi alinitazama sana.

Utatumia mti gani? Na usisahau, chai yangu ilifaa kupogolewa mwaka huu.

Dada yako,
Phyllis Chemutai


Litein
10 Machi 2024

Dada Chemutai,

Salamu kutoka nyumbani. Sisi tuko, ila Dorcus alianguka kwenye utelezi wa zizi akaumia kifundo, sasa anatembea na ananigombeza kama zamani, kwa hiyo amepona. Tumefiwa na yule mzee aliyekuwa akipima majani kituoni. Walikutaja kwenye mazishi, kwamba mtoto wa kwetu yuko Uingereza.

Ile barua yako ni kipimo kizuri kuliko tepu. Kila shubiri yako nimeifanya ukucha wa kidole changu kidogo. Boriti zimeanza kukaa, nimezipinda kwa mvuke wa sufuria ya Dorcus na tumekosana kwa ajili hiyo. Mti niliopata ni mgumu, una rangi ya chai yenye maziwa mengi, na haupasuki hata ukiuchonga wembamba wa kiberiti. Umetoka karibu.

Rudi tena ile ghorofa ya mizinga. Sijaelewa ngazi ya kwenda kwa daktari inasimama wapi, na bila ngazi siwezi kuendelea. Halafu umesema kazini kuna maneno, kisha ukafunga mlango. Maneno gani?

Gibson


Uingereza
2 Juni 2024

Kaka,

Unisamehe kwa kukawia, kazi ilinibana. Mimi ni mzima. Pole kwa wifi na kifundo chake. Nimehama chumba, kwa hiyo barua zako tuma kwa anwani ya Muthoni niliyoiandika nyuma ya bahasha. Ni rafiki yangu, mtu wa Nyeri, tunafanya kazi pamoja.

Melini nilirudi. Ghorofa ya mizinga ni pana, nilisimama wima nikatazama huku na huku kwa nafasi yangu. Ngazi ya kwenda kwa daktari iko karibu na nguzo kubwa ya katikati. Sina zaidi.

Sasa nina swali na nataka unijibu vizuri. Nimesikia kwamba chai ya mama imeng'olewa. Si kupogolewa, kung'olewa na mizizi, mistari ya juu kule karibu na tangi la maji, na visiki vimerundikwa kando. Nimesikia pia kwamba hapo palipong'olewa pamefungwa kamba kwenye vigingi, pande nne. Aliyeniambia aliona kwa macho yake.

Wewe unaniandikia habari za sufuria na za kifundo cha Dorcus, na hilo hulisemi. Kwa nini?

Chemutai


Litein
23 Juni 2024

Dada Chemutai,

Salamu nyingi. Ndama amepata kuhara lakini amepona kwa dawa ya Dorcus. Baridi ya Juni imeanza, majani yamepungua.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na rula. Februari boriti ilikugusa katikati ya nyusi, ukaondoka na shingo mbovu. Juni umesimama wima, unatazama huku na huku kama mtalii. Ni ghorofa ile ile. Je, meli imerefuka au wewe umefupika? Nimejaribu kuiweka ngazi pale kwenye nguzo uliposema. Haifiki. Inaishia hewani, na askari wangu wakishuka kwa daktari wataangukia vichwa kabla ya kukatwa miguu.

Kwa hiyo nina swali na mimi. Ulikuwa wapi ulipoandika hayo?

Habari za chai nimezisoma. Nitajie aliyekuambia, jina lake tu, nami nitakujibu. Watu wanaopita barabara ya kwetu nawajua wote.

Ndani ya bahasha hii nimeweka kitu kidogo. Kishike, ukinuse, halafu uniandikie umekiona vipi.

Gibson


Uingereza
28 Julai 2024

Gibson,

Nakusalimu kwa sababu mama alitufundisha kusalimiana hata tukiwa na hasira. Msalimie Dorcus.

Sikutajii jina. Unataka jina ili ukamnyamazishe. Na habari za boriti achana nazo, siku ile nilikuwa nimechoka. Mtu anaulizwa shamba la dada yake liko wapi, yeye anajibu kwa rula!

Mama alinipa ile chai mbele ya mchungaji na wazee wa ukoo, na wewe ulikuwepo, umevaa koti la baba. Walisema msichana hapewi, ataolewa. Mama akasema, huyu hajaolewa na chai ameipanda na mimi, kila mche mkono wake upo. Wewe ulikuwa wa kwanza kusema ndiyo. Nilikupenda sana siku hiyo, na ndiyo sababu sasa ninaumia.

Sina mume, Gibson. Sina nyumba. Kila mtu ana mahali pa kusema hapa ni kwangu, mimi nina mistari ile tu. Ikiisha kung'olewa na jina langu limeondoka kituoni, na nikija nyumbani nitaambiwa karibu mgeni. Kamba na vigingi ni kazi ya mpima ardhi, usinifanye mtoto. Umemuuzia nani? Ni yule wa duka la mbolea aliyekuwa akiitamani tangu matanga?

Na huo mti wako usiopasuka, wenye rangi ya maziwa, ulidhani sitaujua? Tumekua tukiupikia, na hakuna kuni inayochakaza panga kama kuni ya chai. Umeng'oa kwangu ukajenge mwanasesere.

Nijibu, la sivyo ninakwenda kwa chifu.

Chemutai


Litein
18 Agosti 2024
Kwa mkono wa Dorcus

Kwako dada yangu Chemutai, kwa Mellen, Chepilat,

Salamu nyingi kwako na kwa huyo Mellen anayekuhifadhi. Sisi ni wazima. Ndama amekua, utamwona. Usikasirike na Dorcus, mpe chai kwanza, ametoka mbali na kile kifundo bado kinamsumbua akikaa sana garini.

Usitafute aliyeniambia uko Chepilat. Hakuna aliyesema. Mimi ni kiziwi, lakini mikono yangu bado inasikia. Boriti ilinianzisha. Nikajiambia, mtu aliyesimama chini ya ile boriti hawezi kuisahau, kwa hiyo huyu ameandika akiwa mbali nayo. Ndipo nikaweka kile kingazi kwenye bahasha, nilichokichonga kwa vidato vyako, kikubwa kama kidole. Ungekipata ungekicheka au ungenitukana nacho. Hukukitaja kabisa. Nikajua bahasha ilifunguliwa na mwingine, wewe ukatumiwa picha ya maneno tu.

Na ile kamba, dada. Ile kamba ilikaa siku moja. Niliifunga asubuhi, mvua ya mawe ikaja, jioni nikaitoa. Siku hiyo Dorcus aliona mwanamke barabarani amejifunika leso mpaka puani, amesimama mvuani anaangalia shamba. Alimwita apate kujikinga, mwanamke akaenda zake. Wiki mbili baadaye alienda soko la Chepilat kununua ndizi, akaona kwenye kibanda cha Mellen mgongo wa mtu anayegeuza chapati. Aliujua. Akanunua ndizi zake akarudi. Aliponiambia, baada ya barua yako ya Julai, nilimuuliza kwa nini hakukusalimia, akasema mtu aliyejificha huachwa mpaka atoke mwenyewe, na tena ulikuwa na unga mikononi.

Sitakuuliza ulirudi lini wala kwa nini. Nimekasirika, hilo nakuambia. Umbali wa kutoka hapa hadi hapo mtu anaenda na kurudi kabla ya kukamua jioni, na wewe umenizungushia barua kupitia Uingereza, na mimi nikazibandika stempu kama mjinga.

Sasa nikujibu. Mpima ardhi ni mimi. Pande nne za kamba ni za nyumba. Vyumba viwili na jikoni, mbao za mkaratusi, mabati mapya. Ni yako. Uliposema kazini kuna maneno maneno nilijua unaweza kurudi wakati wowote, na nikafikiria utaingia wapi. Ungeingia kwetu jikoni, ukae kwenye kile kigoda cha wageni. Nikang'oa mistari mitatu ya juu, pale ambapo chai ilishazeeka na maji hayatuami. Visiki vilikuwa vizuri sana, sikuweza kuvichoma, ndiyo ikawa meli.

Sikutangaza kwa sababu unawajua binamu zetu. Wangesikia binti anajengewa kwao wangeitisha kikao kila Jumapili mpaka mbao zioze. Nilitaka waamke wakute paa. Na wewe ningekuambia, nilikuwa nimeshika kalamu kabisa, ikaja ile barua ya kusimama wima. Nikasema, anayenificha boriti, mimi nitamwonyesha nyumba?

Kuta zimesimama na mabati yamepigwa. Mlango uko wazi, nimetundika gunia. Mbao ya juu sijaiweka. Na meli nayo imekwama, kwa sababu siwezi kufunga ghorofa nikiwa na vimo viwili. Nipe kimoja.

Kaka yako,
Gibson


Chepilat
20 Agosti 2024

Kaka Gibson,

Salamu zangu zikufikie na jamaa yote. Mimi ni mzima, Mellen pia anakusalimu, na Dorcus amekula chapati tano akasema hazina chumvi. Alikaa mpaka saa nane. Hakuniuliza neno lolote, ila wakati wa kuondoka alinifuta unga kwenye shavu kwa kidole chake, na hapo nikalia mbele ya wateja.

Ile nyumba ya wazee ilifungwa mwezi wa nne na kibali changu kikaisha nayo. Ndiyo maneno maneno yenyewe. Mlinisindikiza kwa nyimbo, kanisa zima, mkanikatia keki, mchungaji akaniwekea mikono. Ningerudije na begi lile lile? Nikasema nitakaa kwa Mellen, tuliyesoma naye, mpaka nipate la kusema. Barua nilikuwa nampigia Muthoni picha, yeye ananakili na kuzituma. Ana mwandiko mzuri kuliko wangu, nashangaa hilo hukuligundua kwa rula yako. Kile kingazi alikiona, akadhani ni kijiti cha kuchokolea meno. Bado anacho, nimemwambia akitume.

Sasa nisikilize. Nimeisoma barua yako na bado sijakuamini. Nyumba sijaiona. Nitakuja Jumamosi, saa za watu kupeleka majani kituoni, barabara ikiwa imejaa, na nitapita katikati yao na begi langu. Kwanza nitaenda kwenye chai na kupita mstari kwa mstari. Kama umeng'oa zaidi ya ile mitatu, siingii kwenye hiyo nyumba, na kwa chifu nitaenda. Iliyobaki hutagusa hata mche mmoja bila kuniuliza, hata kama ni wa kunijengea ikulu. Hukuniuliza, Gibson. Ulinijengea kwa siri kama vile mimi ndiye ninayeweza kukukataza. Binamu wakiitisha kikao nitakuja mwenyewe, mdomo ninao.

Meli imetoka kwenye mti wangu. Itakaa kwangu, mezani, upande ule ulio wazi ukitazama mlango, na wewe utakuwa unapiga hodi ukitaka kuiona.

Kuhusu vimo viwili, kile cha Februari ndicho cha kweli. Katikati ya nyusi. Baada ya hapo sikurudi tena melini, nilikwenda mara ile moja tu, na miaka yote ya Uingereza nikiikumbuka naikumbuka hivyo, shingo imeinama, nasema samahani kwa kila ninayempita. Ghorofa ya mizinga ijenge hivyo hivyo, usiwaonee huruma hao askari.

Lakini mlangoni kwangu ile mbao usiipigilie mpaka nifike. Nitasimama hapo bila viatu, nimevaa kile kilemba changu kirefu cha kanisani, nawe utapima kuanzia juu ya kilemba.

Dada yako,
Chemutai